Robert Koch: Alijidunga sindano mwenyewe kwanza, kisha akapanda meli kuja Afrika

Ukitaka kujua watu wa Mombasa walivyo makini, simama dakika kumi tu nje ya duka lolote la leso pale Biashara Street. Mama ataikunjua leso, ataangalia pindo, ataangalia mji, halafu atasoma jina. Asipolielewa atauliza. Asipolipenda ataikunja na kuirudisha, hata kama rangi zimemkosha kabisa. Manake leso ni maneno, na ukishajifunga maneno kiunoni ukatoka nayo mtaani, huwezi tena kusema hukuyajua.

Sasa mchukue kijana wa mtaa huohuo, anayebeba mabunda ya vitambaa kutoka stoo hadi dukani. Anakuja mtu wa utafiti mwenye tableti na beji shingoni, anampa karatasi ya ridhaa ya kurasa nne au tano. Kijana anauliza swali moja tu: nauli ni ngapi? Akijibiwa, anatia sahihi. Si wote wanaofanya hivyo, lakini tusidanganyane, ni wengi.

Na tafiti zenyewe pwani hazikosi. Ganjoni, si mbali na hapo, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani wamekuwa na kliniki ya utafiti tangu miaka ya 1990. Kilifi kuna KEMRI na wenzao wa Wellcome tangu 1989. Vyuo vikuu navyo hutafuta vijana wa kujibu maswali kuhusu msongo wa mawazo, kamari, miraa au mapenzi. Wengine watataka majibu tu, wengine watataka na damu yako.

Ile karatasi ambayo watu hawaisomi ina ukoo wake, na katika ukoo huo kuna mzee mmoja ambaye jina lake umelikuta darasani: Robert Koch, yule wa bakteria na kifua kikuu. Kitabu cha shule husimulia nusu ya maisha yake. Katika nusu ya pili alifanya kazi mara kadhaa huku kwetu Afrika, na ndiyo inayotuhusu.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo nchini Ujerumani, katika familia ya watoto 13. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Göttingen na kumaliza 1866. Hakuwa mtoto wa vigogo. Kwa miaka kadhaa alikuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein, sehemu ambayo leo iko Poland, akitibu wakulima mchana na usiku akijifungia na hadubini yake nyumbani. Hakuwa na maabara ya chuo wala wafadhili, ila alikuwa na subira ya mvuvi.

Humo chumbani ndimo alimofuatilia bakteria wa kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe na kondoo wa eneo lile. Mwaka 1876 aliwaonyesha wataalamu wa Breslau jinsi kijidudu hicho kinavyoishi, kinavyojificha ardhini na kinavyorudi kuua. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mwaka 1880 aliitwa Berlin, na jioni ya tarehe 24 Machi 1882 akasimama mbele ya wanasayansi na kuwaambia kwamba kifua kikuu kinaletwa na bakteria, na kwamba amemwona. Enzi hizo Ulaya ilikadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya saba alikuwa akifa kwa ugonjwa huo. Ndiyo sababu hadi leo Siku ya Kifua Kikuu Duniani ni Machi 24. Mwaka uliofuata alikwenda Misri, kisha India, kumsaka bakteria wa kipindupindu, na 1885 akawa profesa Chuo Kikuu cha Berlin.

Kufikia hapo ni hadithi ya ushindi mtupu. Lakini kujua adui ni nani si sawa na kuwa na dawa yake, na kila mtu Berlin alikuwa akimuuliza Koch swali hilo moja.

Mwaka 1890 akadhani amelipata jibu. Alitengeneza kitu alichokitoa kwenye bakteria wenyewe wa kifua kikuu, ambacho baadaye kiliitwa tubakulini. Kwa wanyama wa maabara kilionekana kufanya kazi. Kwa binadamu je? Hapa Koch alifanya jambo ambalo, mimi kwa upande wangu, namvulia kofia: alijidunga mwenyewe. Aliingiza robo ya mililita mkononi, na katika ripoti yake akaeleza yaliyompata bila kuficha. Baada ya saa tatu au nne viungo vilianza kumuuma, akachoka, akakohoa, pumzi ikawa nzito. Saa ya tano akashikwa na mtetemeko uliodumu karibu saa nzima, akatapika, joto likapanda hadi nyuzi 39.6. Yaani alijua kwa mwili wake dawa hiyo ni kitu gani.

Mtu wa pili alikuwa Hedwig Freiberg. Huyu alikuwa msichana wa miaka 17 hivi wakati walipokutana, na Koch alikuwa mume wa mtu, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu na binti mkubwa. Walipendana, kashfa ikawa kubwa, na 1893 alimwoa baada ya kumtaliki mke wa kwanza. Lakini kabla ya ndoa kulikuwa na sindano. Miaka mingi baadaye Hedwig alikumbuka kwamba Koch alimweleza huenda akaugua vibaya, ila hatakufa. Akakubali.

Hebu tusimame hapa kidogo. Je, alijitolea? Alielezwa hatari, hilo ni kweli. Alisema ndiyo, hilo pia ni kweli. Lakini aliyemwomba alikuwa mpenzi wake, mtu maarufu kuliko wote Berlin, mwenye umri wa kumzaa. Ukiombwa na mtu ambaye huwezi kumwambia hapana, ndiyo yako ina uzito gani? Swali hili watafiti wa leo bado linawakosesha usingizi. Ndiyo maana tafiti nyingi za vyuo vikuu huweka masharti mhadhiri anapotaka kuwatumia wanafunzi wake mwenyewe, walio chini ya kalamu yake nyekundu.

Tubakulini ilipotangazwa Novemba 1890, Berlin iligeuka kama stendi ya mabasi wakati wa sikukuu. Wagonjwa walimiminika kutoka kila pembe ya Ulaya, wengine wakiwa mahututi. Koch hakutaka kusema dawa imetengenezwa kwa nini. Aliifanya siri kwa wiki kadhaa, na alikuwa na matumaini ya kupata faida kutokana nayo. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa visa vya Sherlock Holmes ambaye pia alikuwa daktari, alifunga safari kwenda kuona. Alirudi akiwa na mashaka, na akayaandika. Hakukosea. Januari 1891 Rudolf Virchow, bingwa wa kupasua maiti, alionyesha kwamba kwa baadhi ya waliodungwa ugonjwa ulikuwa umesambaa zaidi. Waliopona walikuwa wachache mno, na wengine walikufa.

Dawa ilianguka, lakini tubakulini yenyewe haikufa. Ile sindano ndogo ya ngozi inayotumiwa kupima kama una maambukizi ya TB, unayorudi baada ya siku mbili kuonyesha uvimbe, ni mjukuu wake. Maisha ya dawa yana vituko.

Kabla ya kuondoka Ulaya kuna jambo moja lazima ulijue, la sivyo yaliyotokea ziwani hayataeleweka. Katika mji wa Breslau, profesa mwingine, Albert Neisser, bingwa wa magonjwa ya zinaa, aliwadunga wanawake waliokuwa hospitalini, wengi wao makahaba na wengine wakiwa bado wasichana wadogo, majimaji yaliyotolewa kwenye damu ya wagonjwa wa kaswende. Alitaka kujua kama yatawakinga. Hakuwauliza. Baadhi yao wakapata kaswende. Habari ilipofika magazetini watu walichemka, Neisser akatozwa faini, na tarehe 29 Desemba 1900 serikali ya Prussia ikatoa agizo kwa wakuu wa hospitali: hakuna kufanya jaribio lisilo la matibabu kwa mtoto, wala kwa mtu ambaye hakuelezwa madhara yake na kukubali waziwazi.

Tazama tarehe hiyo tena. Mwaka 1900! Vita Vikuu vya Dunia havijapiganwa hata kimoja. Kanuni za Nuremberg, ambazo wengi hudhani ndizo mwanzo wa ridhaa, zilikuja 1947, na Azimio la Helsinki la madaktari 1964. Ujerumani ya akina Koch ilikuwa tayari imeshaandika kwamba mtu aulizwe kwanza. Kwa hiyo hatuwezi kumtetea mzee kwa kusema ati enzi zile hawakujua.

Koch hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Alikuwa Dar es Salaam 1897 na 1898 akichunguza malaria. Alirudi 1905, akashughulikia homa ya papasi, wale kupe wanaojificha kwenye sakafu na kuta za nyumba za udongo. Desemba mwaka huohuo akapokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Na 1906, akiwa na miaka 62 na tuzo kabatini, akarudi tena kwa jambo kubwa zaidi, yaani malale.

Malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ulikuwa umefyeka watu ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa Uganda tangu 1900. Inakadiriwa walikufa zaidi ya laki mbili. Mgonjwa huanza na homa, tezi za shingo zinavimba, kisha anachanganyikiwa, anasinzia mchana, na mwisho haamki. Kwa kawaida, bila dawa, ni kifo. Wajerumani waliogopa utavuka mpaka na kuingia makoloni yao, wapoteze wafanyakazi. Usidhani ilikuwa huruma tupu.

Wakati huo njia nyepesi ya kufika ziwani kutoka baharini ilianzia hapa Mombasa. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu 1901, na hata Wajerumani waliokuwa wakienda Mwanza na Bukoba waliitegemea reli hiyo ya Waingereza. Dawa na hadubini, hema na vyakula vya makopo, vyote vilikuwa vikipitia kisiwa hiki. Ile kampuni ya leso ya Kaderdina Hajee Essak, wenye Mali ya Abdulla unaowajua pale Biashara Street, ilikuwa tayari ina miaka 19 mjini. Yaani si zamani za mababu wa mababu. Kuna familia za Mombasa zilizokuwa zikiuza kitambaa wakati mambo haya yanatendeka.

Koch alipiga kambi Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Ssese, kwenye ardhi ya Waingereza ambako wagonjwa walikuwa tele. Habari zikaenea kwamba kuna daktari mkubwa mwenye dawa. Watu wakaja kwa miguu na kwa mitumbwi. Wasioweza kutembea wakabebwa. Hilo ni muhimu kulisema: mwanzoni wengi walikuja wenyewe. Nani hangekuja, ukiona mtoto wako anasinzia akila?

Walichomwa sindano kwenye tezi za shingo ili majimaji yake yaangaliwe kwa hadubini. Waliopatikana na vijidudu walidungwa dawa iitwayo Atoxyl, yenye aseniki ndani yake. Ndiyo, aseniki, sumu. Kwa kipimo cha nusu gramu wagonjwa wengi walionekana kupata nafuu, wengine wakaamka na kutembea. Lakini baada ya muda vijidudu vilirudi kwenye damu. Koch akaamua kuongeza dozi hadi gramu nzima.

Maumivu yakaja, kizunguzungu, kichefuchefu, tumbo kusokota. Wagonjwa wakaanza kutoroka usiku. Kisha wengine wakaanza kulalamika kwamba hawaoni vizuri. Atoxyl ilikuwa inaua mshipa wa jicho. Watu 22 walipofuka moja kwa moja, na Koch akarudisha dozi ya nusu gramu.

Ishirini na wawili kati ya wagonjwa zaidi ya 1,600. Kuna watakaosema si wengi, na kwamba wangekufa hata hivyo. Hoja hiyo nimeisikia na siidharau. Ugonjwa ulikuwa unaua karibu kila aliyeupata, na daktari asiyejaribu chochote naye ana lawama yake. Lakini angalia jambo jingine. Kule Berlin, Koch alijidunga mwenyewe na kueleza kila alichokihisi. Kwa Hedwig alieleza hatari kwa maneno ya kawaida. Alipofika Bugala, mgonjwa hakuambiwa kwamba dozi ya leso ni mara mbili ya juzi wala kwamba hakuna ajuaye itamfanya nini. Alijua tu kwamba ni dawa. Kadiri mtu alivyokuwa mbali na Berlin ndivyo maelezo yalivyopungua na dozi ikapanda. Agizo la 1900 lilikuwa limeandikwa kwa hospitali za Prussia. Halikupanda meli.

Na waliotoroka je? Kwa daktari walikuwa usumbufu, hesabu iliyoharibika. Kwangu mimi ndio waliokuwa wakisema hapana kwa njia pekee waliyokuwa nayo, miguu. Koch hakulichukua hivyo. Alipowaandikia wakubwa wake alipendekeza wagonjwa wakusanywe katika kambi maalum, watengwe na wengine, na vijiji vihamishwe penye mbung'o wengi. Kambi za namna hiyo zilifunguliwa upande wa Wajerumani, karibu na Bukoba na kwingineko, na matibabu kwa Atoxyl yakaendelea humo. Waingereza nao wakawaondoa watu visiwani na ukingoni mwa ziwa, Ssese ikabaki vichaka. Mgonjwa aliyekuwa na uwezo wa kutoroka akanyang'anywa hata huo.

Ndiyo maana ukiisoma karatasi ya ridhaa leo, na naomba uisome, sentensi yenye thamani kuliko zote si ile ya nauli. Ni ile inayosema unaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu na bila kunyimwa huduma. Itafute. Isipokuwepo, usitie sahihi. Tafuta pia jina la kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti na nambari ya simu ya kuwapigia, uulize kama wana kibali cha NACOSTI, damu yako itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na ukiumia nani atalipa hospitali. Mtafiti wa kweli hakasiriki kuulizwa, akikasirika, amekujibu.

Kuhusu pesa, mjadala bado mbichi. Pale Kilifi, katika miaka ya hivi karibuni, watu wazima waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi ili watafiti waone mwili wa mtu wa pwani unavyopambana nayo. Walilazwa, wakaangaliwa kila siku, wakatibiwa, na wakafidiwa muda wao. Kuna waliosema fidia ni nono kiasi kwamba maskini hawezi kukataa, na wengine wakauliza mbona basi mtu afungiwe wiki kadhaa mbali na kibarua chake bila malipo. Mimi niko na hao wa pili, kwa sharti moja: pesa zisije zikawa ndicho kitu pekee ambacho mshiriki anaweza kukueleza kuhusu utafiti alioingia. Mpagazi wa Biashara Street anayepoteza kutwa nzima kliniki amepoteza mshahara wa siku. Kumlipa ni haki yake. Kumficha habari ndiyo dhambi.

Na msinisikie vibaya, sisemi watu wakimbie tafiti. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa kwa watoto wa Kenya 2019 isingekuwepo bila wazazi waliokubali watoto wao waingie kwenye majaribio, wakiwemo wa Kilifi. Malale yenyewe siku hizi yanaweza kutibiwa kwa vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa kwanza kwa wagonjwa wa Kongo waliokubali kushiriki. Hakuna tena aseniki ya Koch. Na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tishio kwa afya ya umma.

Koch aliondoka ziwani 1907. Nyumbani alipokewa kwa heshima, mwaka uliofuata akatembelea Japani, ambako mwanafunzi wake wa zamani Kitasato alimpokea kama mfalme. Moyo ulimsumbua, na tarehe 27 Mei 1910 akafia Baden-Baden akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi inayoitwa kwa jina lake Berlin, ileile iliyokuwa ikitajwa kila siku kwenye taarifa wakati wa korona.

Bugala nayo ina watu tena. Unavuka kwa kivuko kutoka Bukakata, unakuta michikichi imejaa kisiwani na hoteli za ufukweni kwa wanaotoka Kampala wikendi. Majina ya wale 22 hayamo katika kitabu chochote cha shule.